Programa ya Kiwandani Huchaguliwa kwa Namna Inavyokataa

Vijana wahandisi wa hapa Nairobi, hasa wale waliotoka kutengeneza bodi chache za majaribio na sasa wamepata mteja anayetaka mia tano, huniuliza mara kwa mara wanunue programa gani. Wanamaanisha kile kifaa kinachokaa kati ya kompyuta na bodi ili kuingiza programu ndani ya mikrokontrola, yaani chipu inayoendesha bodi, na kwa kawaida wanapokuja kwangu huwa wameshalinganisha bei, kasi na orodha ya chipu ambazo kila kifaa kinazikubali. Mambo hayo yana uzito wake, lakini hayafiki kwenye kiini cha kazi. Katika uzalishaji, programa ndiyo shahidi wa mwisho anayetamka kwamba bodi iko sawa kabla haijafungwa na kupelekwa Kitui au Eldoret. Kwa hiyo ninapoichunguza programa yoyote, kwanza nataka kujua inakataa nini, inakataa kwa njia gani, na kama mtu aliyechoka saa kumi jioni anaweza kuendelea na kazi bila kutambua kwamba amekataliwa.

Nieleze tunachotengeneza, kwa sababu programa haichaguliki bila kujua bodi inakwenda wapi. Karakana yetu iliyo katika Eneo la Viwanda hutengeneza vidhibiti vya mashine za kutotolesha vifaranga. Yai la kuku huhitaji joto la karibu nyuzi 37.5 za Selsiasi kwa muda wa siku 21, na joto likipotoka kwa muda mrefu, hata kwa nyuzi chache, mayai huharibika. Mkulima anayenunua mashine hiyo huijaza mayai aliyoyalipia, pengine kwa mkopo wa chama, na kidhibiti kikipoteza kipimo chake siku ya kumi na tano, kumpelekea bodi nyingine hakumrudishii vifaranga wale. Wakati wa kuprogramu tunaandika programu yenyewe, nambari tambulishi ya bodi, na namba za kurekebisha kihisi cha joto cha bodi hiyo hiyo. Mawili ya mwisho hubadilika kutoka bodi moja hadi nyingine, na hapo ndipo vifaa vingi vilivyozoeleka mezani huanza kuelemewa.

Mezani, mhandisi hukaa na bodi moja aliyoibuni mwenyewe. Programa ikitoa ujumbe wa hitilafu, huusoma, husukuma kebo kidogo, hujaribu tena, na ikikubali mara ya pili husonga mbele. Tabia hiyo inafaa mezani kwa sababu mwenye bodi yupo na ataiona ikiharibika. Kwenye laini ya uzalishaji, bodi iliyokubali mara ya pili ni bodi yenye jambo ambalo halijaelezwa, na anayeishika hakuibuni wala hatakuwapo itakapoharibika. Watengenezaji wenyewe wanaitambua tofauti hii. Kampuni ya Microchip, inayotengeneza mikrokontrola za PIC, iliieleza PICkit 3, programa ambayo karibu kila mwanafunzi wa vyuo vyetu ameishika, kuwa ni ya kazi ya uundaji, na kwa uzalishaji ikawaelekeza watu kwenye MPLAB PM3 au vifaa vya kampuni nyingine vilivyokusudiwa kiwanda. Wengi huona maelezo hayo kama mbinu ya kuuza kifaa cha bei kubwa zaidi. Yana sababu ya kiufundi, na inafaa ielezwe kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayopuuzwa zaidi.

Ndani ya kumbukumbu ya flashi, kila biti huhifadhiwa kama chaji ya elektroni zilizonaswa kwenye lango linaloelea, yaani kipande kidogo sana cha silikoni kilichozungukwa na kihami pande zote. Chaji ikitosha, seli husomwa kama sifuri. Isipokuwapo, husomwa kama moja. Taabu huletwa na seli iliyobaki katikati, ile ambayo haikuandikwa kikamilifu kwa sababu volti ilishuka wakati wa kuandika au kwa sababu pini haikugusa vizuri. Seli kama hiyo inaweza kusomwa ipasavyo mezani kwa volti 5 kamili, kisha ikasomwa vibaya volti inapopanda, inapoteremka, au bodi inapopata joto ndani ya mashine yenyewe. Programa ikiisoma mara moja tu, kwa volti ile ile iliyotumika kuandika, itasema kwamba kila kitu kiko sawa, na kwa kiwango cha kile ilichokiona itakuwa imesema kweli.

Ndiyo maana maelekezo ya kuprogramu ambayo Microchip ilichapisha kwa familia nyingi za PIC hutenganisha programa ya uundaji na programa ya uzalishaji kwa kigezo kimoja kilicho wazi: ile ya uzalishaji lazima ithibitishe yaliyoandikwa kwa volti ya chini kabisa na kwa volti ya juu kabisa ambazo chipu inaruhusiwa kufanyia kazi. Seli dhaifu ikipita kwenye mpaka mmoja, ni vigumu ipite kwenye wa pili. Kifaa kisichoweza kubadilisha volti hakiwezi kufanya kazi hii, hata kama programu yake ya kompyuta ina kitufe kilichoandikwa neno la kuthibitisha. Ukisoma karatasi ya data ya ATmega328P, mikrokontrola ya familia ya AVR, utaona ahadi kwamba data itadumu miaka 20 kwa nyuzi 85, au miaka 100 kwa nyuzi 25, na flashi itavumilia kufutwa na kuandikwa mara 10,000. Ahadi hizo zinahusu seli zilizoandikwa kwa kufuata maelekezo. Mtengenezaji wa chipu hawezi kuwa mdhamini wa kazi iliyofanywa kwa kebo iliyolegea.

Jambo hili pia hurudi nyuma hadi kwenye ubunifu wa bodi. Ukitaka kuthibitisha kwa volti ya juu kabisa, tuseme 5.5, huku chipu ikiwa imeshalehemiwa, basi kila kitu kingine kilichounganishwa kwenye njia hiyo ya umeme lazima kiivumilie volti 5.5, na kihisi cha volti 3.3 kilichowekwa hapo bila kinga kitaungua. Kwa hiyo uchaguzi wa programa unapaswa kufanywa kabla mchoro wa bodi haujatumwa kiwandani. Nimeona bodi nzuri ambazo hazikuweza kuprogramiwa ipasavyo kwa sababu kapasita kubwa iliwekwa kwenye pini ya kuwashia upya, na volti ya kuprogramu, ambayo kwa PIC za zamani kama PIC16F877A hukaribia 13, haikuweza kupanda kwa kasi inayotakiwa. Kuweka kizuizi (rezista) mahali pake wakati wa kuchora hakugharimu kitu. Kukata njia za shaba kwa kisu kwenye bodi mia tano kunagharimu wiki nzima ya kazi.

Baada ya kuthibitisha data, programa inapaswa kuthibitisha chipu yenyewe. Tunaofanya kazi Nairobi tuna sababu ya pekee ya kulijali hili, kwa maana sehemu ya vipuri vyetu hutoka nje moja kwa moja na sehemu nyingine hununuliwa kwenye maduka ya Barabara ya Luthuli na mitaa jirani, ambako chipu nzuri kabisa zinaweza kukaa droo moja na zilizong'olewa kwenye bodi za zamani na kuandikwa jina upya. Wakati wa uhaba wa chipu uliokumba dunia mwaka 2021 na 2022, hata waliokuwa wakiagiza kwa uangalifu walijikuta wakinunua popote palipopatikana. Kundi moja tulilonunua wakati huo lilikuwa na chipu zilizoandikwa ATmega328P juu, lakini programa ilipozisoma ikapata utambulisho 1E 95 14, ambao ni wa ATmega328 isiyo na P. Ile yenye P hujitambulisha kama 1E 95 0F. Tofauti ya chipu hizo mbili ni ndogo, na bodi zingefanya kazi. Hata hivyo, mtu aliyebadilisha jina juu ya chipu hajakueleza pia chipu hiyo ilikuwa wapi kabla ya kukufikia.

Avrdude, programu ya kompyuta ya kuprogramu chipu za AVR ambayo wengi wetu tunaitumia bila malipo, hukataa kuendelea utambulisho usipolingana, lakini ina chaguo la herufi F linaloiamuru ipuuze. Mafunzo mengi ya mtandaoni humfundisha mwanafunzi kutumia chaguo hilo kila anapokwama. Kiwandani ni lazima lipigwe marufuku, na kupigwa marufuku kwa maana halisi ni kwamba anayeendesha kituo asiwe na mahali pa kuliandika. Hali ni hiyo hiyo kwa STM32F103, chipu yenye waigaji wengi: ile halisi ya kampuni ya ST hujibu kwa nambari 0x1BA01477 inapoulizwa kupitia SWD, njia yake ya kuprogramu kwa nyaya mbili, na baadhi ya nakala zake hujibu 0x2BA01477. Kuna nakala zinazouzwa kwa jina lao wenyewe na zinazofanya kazi vizuri, na mhandisi anaweza kuamua kuzitumia kwa hiari baada ya kuzijaribu. Ninachokataa ni uamuzi huo kufanywa na droo ya dukani. Programa ikague pia kama chipu ni tupu kabla ya kuandika, kwa sababu chipu mpya kutoka kiwandani haiji na programu ya mtu mwingine ndani yake.

Kuna chipu ambazo zina siri ndogo ambayo programa isiyojua itaifuta. PIC12F675 huja kutoka kiwandani ikiwa na neno la kurekebisha kasi ya saa yake ya ndani, lililowekwa kwenye nafasi ya mwisho ya kumbukumbu ya programu. Programa ifaayo hulisoma neno hilo kwanza, hufuta, kisha hulirudisha. Isiyofaa hufuta kila kitu, na programu inayotegemea neno hilo hushindwa kuanza, au huanza kwa saa isiyo sahihi. Mashine ya kutotolesha yenye saa isiyo sahihi hugeuza mayai kwa wakati usiofaa, na hakuna taa itakayowaka kumweleza mkulima.

Sasa nije kwenye jigi (kishikio kinachoibana bodi na kuiunganisha na programa), ambayo watu huinunua mwisho ilhali ndiyo inayoamua mengi. Programa nzuri iliyounganishwa kwa nyaya ndefu zilizoshikwa kwa vidole ni programa mbovu. Kwetu bodi hulazwa juu ya kibao cha akriliki kilichokatwa kwa leza, kikiwa na pini za springi zinazogusa vituo vya shaba chini ya bodi, na kishikio cha kubana kinachoshuka kutoka juu kwa nguvu ile ile kila mara. Kebo kutoka kwenye programa hadi kwenye pini haizidi sentimita 15 hivi. Pini za springi huchakaa, ncha zake hushika mabaki ya lehemu, na dalili ya kwanza ya kuchakaa ni bodi kukataliwa kisha kukubaliwa zinapobanwa tena. Mwendeshaji aliyefundishwa kubana tena hadi taa iwake kijani anaficha dalili hiyo bila kukusudia, kwa hiyo sheria yetu ni kwamba bodi iliyokataliwa huwekwa kwenye trei nyekundu, na pini hukaguliwa pale bodi mbili zinapokataliwa mfululizo.

Jigi moja iwe ya bodi moja. Nasema hivi kwa sababu ya zile volti 13 nilizozitaja. PIC mpya zaidi, kama zile za familia ya PIC16F1, haziruhusiwi kupata zaidi ya volti 9 kwenye pini hiyo hiyo, na programa iliyobaki kwenye mpangilio wa chipu ya zamani inaweza kuiharibu ile mpya kabla hata haijauliza inaitwa nani. Umbo la jigi likikataa bodi isiyo yake, hatari hiyo imezuiwa kwa kibao na skrubu, kabla kompyuta haijahusika.

Umeme wa bodi nao utoke wapi? PICkit 3 inaweza kuipa bodi miliampia 30 tu, kiasi ambacho kidhibiti chenye kioo cha maandishi na relei hukipita mara kinapowashwa. Volti ikishuka katikati ya kuandika, tunarudi kwenye zile seli dhaifu. Ni afadhali bodi ipate umeme kutoka kwenye chanzo kilichodhibitiwa ndani ya jigi, na programa iwe ni ya aina inayopima volti ya bodi kabla ya kuanza na kukataa ikiwa haimo ndani ya mipaka. Programa za ST-LINK/V2 halisi na J-Link hupima volti hiyo kupitia pini maalumu. Vile vijiti vya bei ndogo vinavyoiga ST-LINK, ambavyo vimejaa madukani, kwa kawaida havina kipimo hicho. Hutoa volti 3.3 zao na kudhani mengine. Kwa mwanafunzi vinasaidia sana na ninafurahi kwamba vipo. Kwenye laini sivitaki.

Niongeze neno kuhusu kipakatalishi. Chaja nyingi hapa hutumika bila waya wa ardhi, na kwa umeme wetu wa volti 240 kiasi kidogo cha mkondo huvuja hadi kwenye fremu ya kompyuta na kutoka hapo hadi kwenye kebo ya USB. Anayegusa kompyuta hiyo kwa mkono mmoja na bodi kwa mkono mwingine huusikia kama mtekenyo. Chipu nayo huupata. Kitenganishi cha USB, kwa mfano kilichojengwa kwa chipu ya ADuM4160, huondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo ukilinganisha na chipu zitakazopona.

Anayesimamia kituo chetu cha kuprogramu ni dada aliyesomea umeme katika chuo cha ufundi, makini kuliko wengi niliofanya nao kazi, na kuna siku aliniambia hivi: "Fundi, nikiona maandishi mengi kwenye skrini, sijui ni wapi niogope." Sijasikia kigezo bora zaidi cha kuchagulia programa. Avrdude hutoa mistari mingi hata inapofaulu. MPLAB, programu ya kompyuta ya Microchip, huonyesha maonyo ambayo mengine hayana madhara yoyote. Kiwandani kunatakiwa jibu moja lisilobishaniwa. Programa zinazojitegemea, kama SEGGER Flasher au Softlog ICP2, huhifadhi faili ndani yake, hufanya kazi kwa kubonyeza kitufe kimoja bila kompyuta, na hutoa jibu la kufaulu au kushindwa kwa taa. Hata kwa wanaotumia kompyuta, MPLAB IPE ina hali ya uzalishaji ambayo humnyima mwendeshaji uwezo wa kubadilisha mipangilio. Kujitegemea kuna faida nyingine kwetu: stima ikipotea na kurudi, kifaa huamka kikiwa vile vile kilivyokuwa, ilhali kompyuta inaweza kuamka ikiomba kusasishwa. Toleo la programu ya kuprogramu nalo ligandishwe kwa kundi zima la bodi. Kusasisha katikati ya kazi ni kubadilisha mizani katikati ya soko, na mnunuzi wa mwisho ana haki ya kupimiwa sawa na wa kwanza.

Nambari tambulishi na namba za urekebishaji ndizo zinazotenganisha kifaa cha kiwanda na kifaa cha meza kwa haraka zaidi. Muulize muuzaji: bodi ikishindwa kuthibitishwa baada ya kupewa nambari, nambari hiyo inakwenda wapi? Ikipewa bodi inayofuata huku ile ya kwanza ikirekebishwa na kurudi, una bodi mbili zenye jina moja, na siku mkulima atakapopiga simu kutoa nambari iliyo kwenye kibandiko, hutajua unazungumzia ipi. Kwetu nambari iliyotumika haitumiki tena hata kama bodi imekufa, na kila kituo kina fungu lake la nambari lisiloingiliana na la mwingine. Daftari la kituo huandika nambari, jumla hakikishi ya faili iliyoingizwa (namba inayoonyesha kama faili imebadilika), toleo la programu na wakati. Daftari hilo liliwahi kutuokoa pale bodi kadhaa ziliporudi na tatizo linalofanana: kwa kulinganisha tu tuliona kwamba zote zilipita siku moja kwenye jigi moja, na wateja wengine wote hawakuhitaji kusumbuliwa.

Kuhusu fyuzi (mipangilio ya msingi ya chipu, kama kasi ya saa) na kufuli (kinga ya programu isisomwe) nitasema kidogo, lakini ni kidogo kinachouma. ATmega328P mpya hutoka kiwandani ikiendeshwa kwa megahezi 1, kwa kuwa saa yake ya megahezi 8 hugawanywa kwa nane, na kasi ya kuprogramu kupitia ISP, yaani chipu ikiwa tayari kwenye bodi, lazima ibaki chini ya robo ya kasi hiyo, yaani chini ya kilohezi 250. Programa isiyoweza kuanza polepole, ikaweka fyuzi, kisha ikaongeza kasi, itakulazimisha uchague kati ya kuchelewa kila bodi na kukataliwa ovyo. Fyuzi moja ikiwekwa vibaya, ile inayozima pini ya kuwashia upya, chipu haisikii tena ISP na itahitaji volti ya juu ili kuokolewa. Kwenye STM32, kiwango cha pili cha ulinzi wa usomaji hakirudishwi kabisa katika familia nyingi. Kwa hiyo mpangilio wa kazi uwe kuandika, kujaribu, kurekebisha kihisi, na kufunga mwisho, na programa iruhusu hatua hizo zitenganishwe. Nimeona vifaa vinavyofunga moja kwa moja baada ya kuandika. Bodi ikishindwa jaribio la relei baadaye, haifunguki kuchunguzwa.

Kasi, ambayo huchukua nafasi kubwa katika matangazo, inanishughulisha kwa kiasi. Tuseme programa moja inaokoa sekunde tano kwa kila bodi: kwa bodi 500 umeokoa dakika 42 hivi, na mwendeshaji hutumia muda mrefu zaidi kuitoa bodi kwenye trei, kuilaza na kuibana. Kwa maelfu ya bodi kila siku, ama kwa chipu zenye megabaiti nyingi za kuandikwa, hesabu hubadilika na programa za njia nyingi zinazoandika bodi kadhaa kwa pamoja hujilipa. Wengi wetu hapa bado hatujafika huko. Kuna pia njia ya kuagiza chipu zilizokwisha kuprogramiwa, huduma ambayo Microchip na wasambazaji wakubwa huitoa. Ni njia safi kwa bidhaa isiyobadilika, lakini ukigundua kosa katika programu wakati mzigo uko njiani kuja uwanja wa ndege wa JKIA, umenunua mzigo wa kosa hilo.

Kwa hiyo ninapendekeza nini? Anayetengeneza mamia ya bodi za AVR au STM32 kwa mwezi na hana mtaji mkubwa ajenge kituo chake kwa Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja), avrdude au OpenOCD (programu ya aina hiyo kwa STM32), chanzo cha umeme kinachobadilishwa volti kwa amri, na hati fupi ya amri za kompyuta inayosoma jibu la programu na kuwasha taa moja kati ya mbili. Pini za Raspberry Pi ni za volti 3.3, hivyo bodi ya volti 5 inahitaji kigeuzi cha viwango kati yao. Ni kazi ya uangalifu, lakini kila sehemu yake inaeleweka na inaweza kutengenezwa hapa hapa mjini. Anayetumia PIC, hasa za zamani zenye volti ya juu, asijenge mwenyewe. Anunue programa inayotamkwa na mtengenezaji wake kuwa ya uzalishaji na inayothibitisha kwa volti mbili. Anayempa kampuni nyingine kazi ya kuunganisha bodi anunue kifaa kinachojitegemea, kinachoficha faili na kuhesabu idadi iliyoruhusiwa, kwa sababu faili iliyo wazi kwenye kompyuta ya mtu mwingine ni bidhaa yako iliyo wazi. Na anayetumia J-Link asome leseni: ile ya EDU, yaani ya kujifunzia, hairuhusiwi kwa kazi ya biashara, hata kama inafanya kazi sawa.

Chochote kitakachochaguliwa, vinunuliwe viwili. Programa moja ikifa siku ya Jumanne, kiwanda kizima husubiri usafirishaji, forodha na kodi, na wafanyakazi waliokwisha kuja kazini wanahitaji mshahara wao. Bajeti ikitosha kifaa kimoja cha kifahari au viwili vya wastani vinavyothibitisha vizuri, nitachukua viwili bila kusita, mradi vyote viwe vya aina moja na cha pili kiwe kinatumika kwa zamu ili kijulikane kuwa ni kizima.

Kabla ya kulipa, muuzaji akubali ukijaribu kwa bodi mbovu. Sisi tunazo zetu ndani ya sanduku lenye alama: moja ina chipu isiyo sahihi, moja ina pini ya data iliyokatwa, moja hupokea volti pungufu kupitia kizuizi, moja imefungwa tayari, na nyingine ina chipu iliyokwisha kuandikwa programu ya kitu kingine. Kila moja inapaswa kuwasha taa nyekundu, na daftari lieleze sababu inayolingana na ubovu wake. Halafu ng'oa kebo ya USB katikati ya kuandika, irudishe, na utazame kama kifaa kitadai kwamba bodi ile imekamilika. Majaribio haya huchukua muda mfupi, na yamewahi kukataa kifaa cha gharama kubwa na kupitisha cha nusu ya bei yake. Sanduku hilo hupita pia kwenye vituo vyetu kila Jumatatu asubuhi kabla ya bodi ya kwanza ya mteja, na taa ya kijani ikiwaka kwa bodi yoyote kati ya hizo, kituo hicho hakifunguliwi siku hiyo hadi sababu ipatikane.